Gego la Mwisho na Rufaa ya Nairobi

Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Kitui na Makueni, na kwa Kamati za Afya za Mabunge ya kaunti hizo mbili

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu jino moja. Najua mezani penu kuna mambo mazito zaidi: akina mama wanaojifungulia mbali na hospitali, dawa zinazokwisha kabla ya mwezi kwisha, wauguzi wanaodai kupandishwa vyeo. Jino haliingii kwenye hotuba. Hata sisi wananchi tukiitwa kwenye vikao vya maoni ya bajeti, tunaomba bwawa la mchanga, daraja la mto wa msimu, darasa la chekechea, transfoma. Makueni imesifiwa ndani na nje ya Kenya kwa namna inavyowashirikisha watu kuanzia kijijini, na vikao hivyo nimevihudhuria. Sijamsikia mtu akisimama kuomba daktari wa meno. Mwenye maumivu ya jino siku hiyo yuko nyumbani, leso imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, na haongei.

Jino lenyewe ni gego la mwisho, lile la nyuma kabisa ambalo wengi huliita jino la akili. Huchomoza mtu akiwa na miaka kati ya 17 na 25 hivi, wenzake wote wakiwa wameshashika nafasi zao. Likipata nafasi linaota wima na mwenyewe hana habari. Likikosa, linainama na kuliegemea gego la mbele yake, au linalala kabisa ndani ya mfupa wa taya. Mara nyingi hutokeza upande mmoja tu wa kichwa chake, na juu yake hubaki kipande cha ufizi kilicholifunika nusu. Chini ya kifuniko hicho mswaki haufiki. Chakula kinafika.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na vijana wa umri huo ndio ninaoshinda nao. Karibu kila mwaka, KCSE ikinukia, hutokea mtahiniwa ambaye shavu moja limefura, mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole, na sahani yake ya muthokoi, mahindi ya kutwanga, imerudi jikoni vilevile ilivyotoka. Ganda dogo la hindi lililoponyoka kinuni likijibana chini ya ule ufizi, haichukui muda pameshavimba na panatoa usaha. Kijana mmoja niliyemsimamia mtihani wa majaribio aliandika insha nzima huku mkono wa kushoto umeshikilia shavu, na mate yakimdondokea kwenye karatasi kwa sababu kumeza kulikuwa kunamuuma. Nilimuuliza kama ameenda hospitali. Akatoa mfukoni karatasi ya dawa: amoksilini na diklofenaki. Nyuma yake ilikunjwa nyingine ya mwezi uliotangulia, dawa zilezile.

Simlaumu aliyeziandika. Zahanati haina kiti cha meno, na dawa hizo hutuliza kweli: usaha unapungua, taya linafunguka, kijana anarudi darasani. Lakini antibiotiki haisogezi jino. Kifuniko cha ufizi kinabaki pale pale, na mlo mwingine wa chakula kigumu unamrudisha alikotoka. Safari inayofuata haendi zahanati tena. Anapitia kemisti, ananunua vidonge kadiri ya pesa aliyo nayo, maumivu yakitulia anaviacha. Wengine husaga karafuu. Wengine, na hili nimeliona kwa macho yangu, hutia maji ya betri, yakaunguza ufizi na kuliacha gego likiwa zima.

Naomba msilione kuwa ni suala la maumivu tu. Mizizi ya magego ya mwisho ya chini iko mahali pabaya: usaha ukiutoboa mfupa kwa upande wa ndani, unashuka chini ya ulimi na kuelekea shingoni. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig wa Stuttgart, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Sakafu ya mdomo inavimba na kuwa ngumu, ulimi unasukumwa juu na nyuma, na mgonjwa anaweza kukosa pumzi. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa. Siku hizi wengi hupona, mradi wafike mapema mahali penye mtu wa kuwafungulia njia ya hewa na kuutoa usaha. Sasa lipimeni neno hilo mapema kwa barabara zetu. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba. Ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda. Mtu wa Tseikuru au Ngomeni akianza kushindwa kumeza mate yake saa nne za usiku, anampigia nani?

Gego langu mimi lilikuwa la chini kushoto. Hospitali ya umma niliyokwenda sitaitaja, kwa sababu nia yangu si kumchongea mtu, na kwa sababu habari kama yangu nimezisikia kutoka ng'ambo zote mbili za mto Athi. Daktari wa meno aliyenipokea alikuwa kijana mpole. Alikuwa akimhudumia bibi mmoja kabla yangu, nikamsikia akimwambia, "Mwaitu, fungua kidogo tu, sikuumizi," na bibi akacheka huku mdomo uko wazi. Zamu yangu ilipofika akaingiza kioo chake kidogo, akakigeuza, akaguna.

"Mwalimu, hili si la kung'oa. Hili ni la kupasua."

Alinieleza vizuri, na namshukuru. Koleo hulishika jino lililosimama. Lililolala mfupani halina pa kushikwa. Kwanza ingebidi apate picha ya taya zima, aone mizizi imekaaje na iko umbali gani na ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini kwenda kwenye mdomo, maana ukijeruhiwa mtu anaweza kukaa na ganzi ya mdomo kwa miezi, na wachache hubaki nayo. Mashine ya picha hiyo haikuwepo. Drili ya kuchongea mfupa ilikuwepo, ila kompresa ya kuisukuma ilikuwa imekufa, na barua ya kuomba fundi ilikuwa imeshaandikwa. Nakala alinionyesha. Akaniandikia rufaa ya Nairobi na kuniomba radhi kana kwamba kompresa ameiua yeye.

Waheshimiwa, rufaa ya Nairobi si karatasi. Ni nauli ya kwenda kupiga picha na nauli ya kurudi, kisha nauli nyingine ya kwenda kupasuliwa. Ni mtu wa kukusindikiza, maana ukitoka pale huwezi kuongea na makanga wakakuelewa. Ni kulala kwa jamaa Umoja au Pipeline, na huendi kwa jamaa mikono mitupu. Mimi nina mshahara. Mwajiri ananipa ruhusa. Kijana wa boda boda wa Kathonzweni asipopanda pikipiki leo, leo hakuna unga. Mama wa Mutitu anayeuza ndengu sokoni hawezi kuifunga meza yake wiki nzima. Ndiyo maana rufaa nyingi, nadhani, huishia ndani ya ile bahasha kubwa ya nyumbani, pamoja na kadi za kliniki za watoto na risiti za karo.

Na upasuaji wenyewe? Ulichukua muda mfupi kuliko foleni ya magari ya Mlolongo asubuhi ile. Daktari alinichoma ganzi nyuma ya taya, pale mshipa unapoingia mfupani, akanisubiri hadi nusu ya mdomo wa chini haikuwa yangu tena. Akachana ufizi na kuukunja kando. Akauchonga mfupa kidogo, msaidizi wake akimwagilia maji ya chumvi ili usiungue na kuvuta damu na mate kwa mpira. Kisha akalikata gego vipande viwili palepale lilipolala. Maumivu hayakuwepo. Kulikuwa na kusukumwa, na mtetemo uliopanda hadi sikioni, na harufu ya jino linalokatwa. Aliyewahi kukaa karibu na moto wakati kwato za mbuzi zinaunguzwa anaijua. Kipande cha mbele kikatoka, cha nyuma kikafuata, akaliosha tundu, akashona. Aliviweka vile vipande kwenye kidau cha chuma, nikavitazama: kitu kidogo namna ile, chenye mizizi iliyopinda upande mmoja.

Wakati ganzi ikiyeyuka nilikuwa nikikitazama chumba. Kiti, taa, kompresa, drili na vichwa vyake, mashine ya kuvuta mate, lidokeni, chupa za maji ya chumvi, uzi, mtungi wa kuchemshia vyombo, na picha yangu ya taya imebandikwa ukutani. Basi. Aliyenihudumia hakuwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Alikuwa daktari wa meno mwenye shahada ileile ya kijana wetu aliyeniandikia rufaa, na alitoka chuo kilekile, Chuo Kikuu cha Nairobi. Magego mabaya kweli, ambayo mizizi yake imeukumbatia mshipa, hayo yaende kwa mabingwa. Lakini mengi hayako hivyo. Kilichonipeleka Nairobi hakikuwa upungufu wa elimu Ukambani. Kilikuwa kompresa na mashine ya picha.

Hapo ndipo penye shauri langu kuu: acheni kuhesabu madaktari wa meno mlioajiri, hesabuni viti vinavyofanya kazi. Kuajiri daktari wa meno na kumkabidhi kiti kisicho na hewa wala drili ni kumlipa mshahara wa kuandika rufaa. Ataandika mwaka mmoja, miwili, kisha ataondoka kwenda kufungua kliniki mjini, nasi tutasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo.

Tuambieni pia vifaa vilikwenda wapi. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, na katika kila kaunti hospitali mbili zikachaguliwa kupokea vifaa vya vyumba vya upasuaji, vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo na vya kupigia picha. Fedha zilikatwa kwenye migao ya kaunti. Mpango ule ulizua kelele hadi kamati maalumu ya Seneti ikauchunguza na kutoa ripoti mwaka 2020, kwa sababu baadhi ya vifaa katika kaunti mbalimbali vilikuwa vimekaa bila kutumika: hapa hakuna umeme wa kutosha, pale hakuna mtaalamu. Swali langu kwenu ni dogo. Katika vifaa vya picha vilivyofika Kitui na Makueni, ilikuwemo mashine ya picha ya taya? Kama ilikuwemo, iko chumba gani, na ni lini mara ya mwisho ilipiga picha? Na kama haikuwemo, kwa nini haijanunuliwa miaka yote hii?

Sisemi kila hospitali iwe nayo. Hapa ningependa Kitui na Makueni mfikirie pamoja, jambo ambalo mnaliweza, kwa kuwa pamoja na Machakos mmeshaunda muungano wa kiuchumi wa kusini mashariki, SEKEB, ambao hadi sasa tumeusikia zaidi kwenye mikutano ya wawekezaji. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ni lami. Mtu wa Ikutha, ambaye kwenye karatasi ni wa Kitui, anafika Kibwezi upesi kuliko anavyofika mjini Kitui. Zamani alikuwa akila vumbi pande zote mbili. Mashine moja ya picha ya taya upande wa Makindu au Kibwezi, moja mjini Kitui, moja Mwingi, na daktari bingwa mmoja anayeajiriwa kwa pamoja na kuzunguka kwa kalenda inayojulikana: Jumanne fulani yuko Wote, Jumanne nyingine yuko Mwingi. Picha za siku hizi ni za kidijitali, haziombi nauli. Daktari wa Mutomo anaweza kumtumia bingwa picha kwa simu na kupata jibu kabla ya mgonjwa kumaliza chai. Mgonjwa wa Ikutha akihudumiwa Kibwezi, kaunti moja iidai nyingine. Mnaajiri wahasibu wa kufanya nini?

Nimeshasikia hoja ya upande wa pili, kwamba watu wetu wanaogopa daktari wa meno, kwamba huja wakati jino limeshaoza hadi mzizi, na hata huduma ikiwekwa haitatumika. Hoja hiyo siiafiki. Wazee wa Akamba walikuwa wakikaa chini ya mti na kumwachia fundi ayachonge meno yao ya mbele kwa patasi ndogo na nyundo hadi yakawa na ncha, kwa urembo. Msomi Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika habari za desturi hiyo. Hakukuwa na ganzi. Watu ambao babu zao walivumilia patasi hawatakimbia sindano. Wanachokimbia ni kuambiwa warudi wiki ijayo, na wiki ijayo waambiwe Nairobi.

Na ganzi yenyewe si kitu kipya cha matajiri. Desemba 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya kuchekesha na kumwacha mwenzake amng'oe gego, akaamka akisema hakuhisi kitu. Upasuaji wa leo usio na maumivu una deni kwa kiti kile cha meno. Lidokeni tunayochomwa leo ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943, na ni miongoni mwa dawa za kawaida kabisa katika hospitali yoyote.

Nisieleweke vibaya: siombi kampeni ya kung'oa magego ya mwisho ya kila kijana. Uingereza, mwaka 2000, taasisi yao ya kutathmini matibabu iliwaambia madaktari waache kuyaondoa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa, kwa sababu upasuaji una hatari zake na faida haikuthibitika. Ushauri huo unatufaa hata sisi, tena zaidi, kwa kuwa mfuko wetu ni mdogo. Gego linaloota wima na kusafishika liachwe. Lililovimba mara moja lisafishwe na lingojewe. Linalovimba tena na tena, au linaloozesha gego la jirani, ndilo la kuondolewa. Lakini kuyatenganisha hayo matatu kunahitaji, tena, picha. Bila picha daktari anabahatisha, na anayebahatisha kwa kuogopa mshipa anaandika rufaa.

Kuhusu malipo, mna historia ya kujivunia na ningependa mliikumbuke. Mwaka 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha MakueniCare: kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena dirishani, na wazee waliotimiza miaka 65 hawakulipa hata hizo. Kitui, enzi za Gavana Charity Ngilu, ikaja na bima yake, K-CHIC. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya NHIF imeondoka, SHA imeingia. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Mwananchi wa kawaida hajui tena lipi linalipiwa na lipi halilipiwi, na dirishani majibu hubadilika kulingana na aliyeketi siku hiyo. Chapisheni ubao. Uwe kwa Kiswahili na Kikamba, ubandikwe mlangoni mwa kliniki ya meno ya kila hospitali: kung'oa ni kiasi gani, kupasua ni kiasi gani, picha ni kiasi gani, SHA inalipa kipi na wewe unalipa kipi. Gharama yake ni kipande cha mbao na rangi.

Kuna jambo jingine linalohusu wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba mwaka 2023. Wanapima shinikizo la damu na sukari mlangoni mwetu, na wanafanya kazi nzuri. Waongezeeni somo la nusu siku kuhusu kinywa. Wajue kwamba uvimbe wa shavu pekee unaweza kungoja asubuhi, lakini uvimbe ulioshuka chini ya kidevu, mdomo usiofunguka, homa, sauti iliyobadilika na mate yasiyomezeka ni gari la wagonjwa usiku huohuo. Wajue pia la kumwambia aliyetoka kupasuliwa. Mimi niliambiwa kwa Kiingereza cha haraka, nikiwa na pamba mdomoni. Bahati nzuri Kiingereza nakifundisha. Bibi wa Nzambani atakuwa ameelewa nini? Aambiwe kwa lugha yake aume ile pamba bila kuitoatoa, asiteme mate kwa nguvu, asivute soda kwa mrija, asivute sigara wala ugoro, na maji ya chumvi ayaanze kesho yake, si leo. Donge la damu lililojaza tundu ndilo linalokiponya kidonda. Likitoka, mfupa unabaki wazi, na siku ya tatu hivi maumivu yanapanda hadi sikioni kuliko hata ya jino. Mtu aliyepandishwa matatu kutoka Nairobi, akarushwarushwa na matuta, kisha akabebwa na boda boda kwenye njia ya mawe, na hana wa kumpigia simu, huyo ndiye anayerudi kwa kemisti.

Kwa kuwa nimeshashika kalamu, niingize na la maji, ingawa si la gego. Visima virefu vinachimbwa kila mahali, na tunavishukuru. Lakini baadhi ya maji ya chini katika nchi yetu kavu yana floraidi nyingi, na kiwango kinachokubalika, cha Kenya na cha Shirika la Afya Duniani pia, ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanajiunda ndani ya taya, yanaota na madoa ya kahawia ambayo hayasuguliki. Nina wanafunzi wasiocheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, na wote wameshaambiwa na mtu mzima fulani kwamba hawapigi mswaki. Kila kisima kinachozinduliwa kwa ngoma, matokeo ya kipimo chake cha floraidi yabandikwe hapohapo kwenye tangi. Idara ya maji na idara ya afya ziko jengo moja au majengo jirani. Nadhani zinaweza kuongea.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na mtu mzima mmoja kati ya watatu, alikuwa na jino lililooza. Kitui na Makueni tulikuwa zaidi ya watu milioni mbili katika sensa ya 2019. Fanyeni hesabu wenyewe ni vinywa vingapi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwakabidhi ninyi hospitali za kaunti na zahanati. Kompresa ya daktari wetu wa meno haiko Afya House, kwenye Wizara ya Afya Nairobi, iko kwenu.

Ninachoomba kwa maandishi, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ni jedwali la ukurasa mmoja kwa kila kaunti. Lionyeshe kila hospitali yenye kliniki ya meno. Idadi ya viti, na vingapi vinafanya kazi leo. Kama kuna mashine ya picha ya jino au ya taya na kama inawaka. Nani yuko kazini, daktari wa meno au ofisa wa afya ya kinywa ya jamii. Na ni wagonjwa wangapi wa magego ya mwisho waliopewa rufaa nje ya kaunti mwaka wa fedha uliopita. Kamati za Afya za Mabunge ya Kaunti ziliite jedwali hilo mezani kabla ya Waraka wa Mikakati ya Fedha kufikishwa bungeni, ambao kisheria unapaswa kufika kufikia 28 Februari, kwa maana baada ya hapo viwango vya kila idara vimeshafungwa na tutaambiwa tungoje mwaka mwingine.

Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Nakala ya barua hii yenye mihuri ya kupokelewa Wote na Kitui ninayo, na siku nimeanza kuzihesabu kuanzia muhuri wa pili.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari, Kaunti ya Makueni